Barua ya wazi kwa wakubwa wa bandari na uvuvi Zanzibar: mkijenga ukuta wa mawimbi, angalieni kilicho nyuma ya zege

Assalamu alaykum wakubwa zetu wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, wa Wizara ya Ujenzi, wa Shirika la Bandari, na nyie wa kamati za tenda ambao majina yenu hatuyajui ila saini zenu ndo zinazojenga. Shikamooni nyote, hata mlio wadogo kwangu, cheo kina heshima yake.

Naandika wazi kwa sababu barua ya bahasha inakaa kwenye meza ya karani mpaka inamwagikiwa chai. Sikuja kugombana na mtu.

Kila bajeti tunasikia madiko ya kisasa ya kushushia samaki, bandari za uvuvi, uchumi wa buluu, na sie tunapiga makofi kwa sababu shida tunaijua, mtu ana boti kaipata kwa mkopo afu anaitia nanga mbele ya wimbi la kusi hana pa kuificha, usiku kalala lakini sikio liko pwani. Kwahiyo ukuta wa kuvunja mawimbi tunautaka, hilo halina mjadala. Mjadala ni ujengwe vipi, na khasa ule mtindo ambao mainjinia wengi siku hizi wanaupigia debe kwa kuwa unapunguza kazi ya kumwaga majabali baharini: vibao vya zege vilivyomwagwa yadini, vikasimamishwa pande mbili, katikati kukajazwa udongo au mchanga tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likatandikwa mikanda au nyavu ngumu za kuushika huo udongo. Udongo ulioimarishwa, ndo jina lake. Mie naupenda mtindo huu, naliweka mapema hili ili mtu asije akanisoma kombo. Nimekaa Oman kwenye yadi ya prikasti, yaani zege linalomwagwa kwenye moldi nchi kavu ndo lipelekwe kazini, vibao vya namna hii ndo vilikuwa riziki yangu, vya kuta za barabara za milimani na vya pwani pia, na nimerudi Unguja bado naishi kwa zege. Injinia si mie, lakini kibao kizuri na kibao kibaya nakijua hata nikikigonga kwa nyundo gizani.

Nina moja tu la kuwaambia. Ukuta wa aina hii si zege. Zege ni uso. Ukuta wenyewe ni ule udongo wa nyuma na ile mikanda iliyolala ndani yake, na hicho ndicho kisichopigwa picha siku ya uzinduzi, ndicho mkaguzi aliyechelewa kufika hakioni tena, na ndicho rahisi kuliko vyote kuibiwa.

Nieleze kidogo kwa wale wasiokuwa wa fani, maana najua kwenye kamati kuna watu wa fedha na watu wa sheria. Udongo ukiubana unastahamili sana, ila ukiuvuta hauna kitu, unaachia. Ukilundika mchanga wima unaporomoka mpaka upate mteremko wake. Sasa ukitandika ndani yake kitu chenye nguvu ya kuvutwa, ule msuguano baina ya chembe za mchanga na ule mkanda unaushika mchanga usitawanyike, na lundo lote linakuwa mwili mmoja. Bibi zetu wanalijua hili, nyumba ya udongo bila ya fito inasimama mpaka mvua ya kwanza, na fito bila ya udongo ni uzio wa kuku, vyote viwili vikishikana ndo nyumba. Injinia wa Kifaransa, Henri Vidal, ndo aliyelitia hesabu jambo hili na kulikatia hati ya ugunduzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na husimuliwa kwamba fikra ilimjia ufukweni akichezea mchanga na majani ya msonobari. Lakini watu wa Iraq ya kale walishaweka mikeka ya matete katikati ya matofali kwenye mnara wa Aqar Quf zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kiini cha mnara ule kipo mpaka leo. Kwahiyo hii si teknolojia ya kujaribiwa juu yetu kama watu wa mwanzo duniani, iko, inafanya kazi, barabara za juu kwenye miji mikubwa zimepandishwa kwa vibao hivi.

Kwanini itufae sie khasa? Kwa sababu hatuna majabali. Unguja na Pemba ni visiwa vya mawe ya matumbawe, mawe mepesi, yana matundu, ukiyapiga yanamumunyuka. Ukuta wa kawaida wa mawimbi ni tuta la mawe, na mawe ya nje yanatakiwa yawe makubwa mazito, tani kadhaa moja, jiwe gumu kwelikweli. Hilo inabidi lije kwa tishari kutoka Bara, ushushe, ulipe, na ukiagiza makubwa utaletewa ya kati, nani atayapima baharini.

Afu kuna suala la ukubwa wa tuta. Tufanye hesabu ya kwenye karatasi tu. Chukueni ukuta wa kimo cha mita 8 kutoka chini mpaka juu, ambao kwetu si wa ajabu maana bamvua peke yake maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Tuta la mawe lenye mgongo wa mita 4 juu na mteremko wa mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo pande zote mbili, chini litakuwa na upana wa mita 36. Kila mita moja ya urefu inakula mita za ujazo 160. Ukuta wa vibao vya wima wenye upana wa mita 9 unakula 72. Hata ukiongeza tabaka la mawe la kukalia na mawe ya kulinda mguu, bado uko mbali na 160. Na ule upana wa mita 36 ni mahali ambapo kuna majani ya bahari, kuna pweza, kuna mwamba, vyote vinafunikwa.

Mkitaka kuona kukosa mawe kunavyoweza kumaliza mradi mkubwa angalieni wenzetu wa Réunion hapo hapo kwenye Bahari ya Hindi, nao ni Ufaransa ile, pesa si shida yao kama yetu. Walipanga barabara mpya ya pwani, sehemu daraja sehemu tuta la mawe baharini. Daraja la kilomita 5.4 likamalizika na magari yakaanza kupita mwaka 2022. Kipande cha tuta kikakwama, mawe hayakutosha, watu wakagomea machimbo mapya, kesi juu ya kesi, mwisho ikaonekana bora kipande kilichobaki nacho kiwe daraja. Kisiwa kizima cha volkano kimekosa mawe! Sie wa matumbawe tutasemaje.

Haya, sasa nakuja kwenye khofu yangu.

Ukuta wa kando ya barabara una udongo mkavu nyuma yake, mvua ikinyesha maji yanatoka taratibu. Hata ukuta wa ufukweni kama wa Mizingani, pale Mji Mkongwe, una bahari upande mmoja tu. Ukuta wa mawimbi una bahari pande zote mbili, umesimama katikati ya maji, na maji yenyewe kwetu hayatulii, yanajaa yanakupwa, yanajaa yanakupwa, mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Maji yakijaa yanaingia ndani ya ukuta kupitia viungo vya vibao. Yakikupwa, nje yanashuka haraka na ndani yanachelewa, kwahiyo kwa saa kadhaa ndani kuna maji mengi kuliko nje, yanasukuma vibao kutoka ndani kwenda nje, na yanapotafuta njia ya kutokea yanabeba chembe za mchanga. Juu yake weka wimbi, likipiga linasukuma na likirudi linavuta. Ule mvuto wa kurudi ndo mbaya, watu wanaogopa kishindo kumbe kinachokula ukuta ni kunyonya.

Nimeliona hili kwa macho yangu, mahali sitopataja, si lazima. Ukuta wa vibao, mzuri wa kutazama, umepakwa rangi nyeupe na buluu juu. Nilishuka chini maji yamekupwa, nikachutama mbele ya kiungo cha vibao viwili, ufa wa upana wa kidole. Maji yalikuwa yanatoka pale kwa mstari mwembamba, na yalikuwa na weupe. Nikakinga kiganja, maji yakapita, kiganjani ikabaki chenga ya mchanga, mchanga laini wa kujazia. Chini ya kile kiungo kwenye tope kulikuwa na kijilima cha mchanga ule ule, msafi, rangi tofauti kabisa na mchanga wa pale pwani. Kila kiungo kina kijilima chake. Nikapanda juu, sakafu ya zege imenyooka vizuri tu, watu wanapita, nikaigonga kwa kisigino ikaitika mvumo wa kitu kilicho wazi ndani. Bandu bandu humaliza gogo. Haukupita muda gurudumu la gari ya ng'ombe iliyobeba barafu likazama pale mpaka kwenye ekseli, na watu wakaanza kusema zege lilikuwa bovu, zege lilikuwa bovu. Zege lilikuwa zuri sana. Kilichokosekana ni kitambaa cha kuchuja nyuma ya viungo, ile jiotekstaili, na tabaka la kokoto safi baina ya kibao na mchanga. Vitu viwili ambavyo kwenye makisio ya gharama ni mistari miwili midogo, na ndo vya kwanza kukatwa mtu akiambiwa punguza bei.

Kwahiyo ombi langu la mwanzo wakubwa, ule mchujo wa nyuma ya vibao uwe haupunguziki kwenye mkataba. Kontrakta akitaka kupunguza bei apunguze rangi, apunguze lile lango la kuingilia lenye jina, apunguze taa za mapambo. Kitambaa na kokoto asiguse.

La udongo wenyewe. Kwa ukuta wa baharini udongo wa kujazia unatakiwa upitishe maji haraka, yaani mchanga wa chembe kubwa au kokoto ndogo, na ule unga laini unaopita kwenye chekeche ya matundu ya milimita 0.075 uwe kidogo. Kwa ukuta wa nchi kavu kipimo kinachotumika sana ni usizidi asilimia 15, na kwa mahali penye maji ya kupanda na kushuka mainjinia wanataka uwe chini zaidi ya hapo. Sasa sie tunajijua. Mchanga Unguja umekuwa dhahabu, Serikali yenyewe imeweka utaratibu wa vibali baada ya kuona mashimo yanamaliza ardhi ya kilimo. Kontrakta akibanwa na ratiba atageukia wapi? Atageukia vitu vitatu, mie nawaambia. Ufukwe wa jirani usiku. Kifusi cha nyumba zilizobomolewa, matofali, plasta, vigae, na mifuko ya plastiki ndani yake. Au udongo mwekundu wa shambani ambao ukirowa unakuwa uji. Vyote vitatu vikishafunikwa na sakafu huwezi kuvijua mpaka ukuta uanze kutumbuka.

Njia ya halali ipo. Mkijenga diko lazima mtachimba mlango na bwawa la ndani ili boti ziingie maji yakiwa madogo, basi ule mchanga wa kuchimbua, kama ni mchanga kweli na si tope la mikoko, uoshwe upimwe utumike. Na mawe ya matumbawe yakisagwa yakachekechwa yanaweza kuwa kijazio kizuri cha ndani, maana ndani hayapigwi na wimbi, ilimradi ule unga wake uondolewe. Hapo ndo uzuri wa mtindo huu unapoonekana, jiwe letu dhaifu ambalo halifai nje linapata kazi ndani. Lakini lazima apatikane mtu wa kupima, kila shehena, si mara moja mwanzo wa mradi afu cheti kikatumika mpaka mwisho.

Mikanda nayo. Mitindo ya mwanzo ilitumia mikanda ya chuma kilichopakwa zinki, upana kama sentimita 5. Nchi kavu sawa. Kwenye maji ya chumvi yanayopanda na kushuka, chuma kinapata chumvi na hewa kwa zamu, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kukila. Kwa kazi yetu itumike mikanda au nyavu za plastiki ngumu, jiogridi, zipo za aina kadhaa na kila aina ina tabia yake, nyingine zinarefuka polepole zikivutwa muda mrefu, nyingine hazipendi kukaa zimegusana na zege bichi, na zote hazipendi jua. Nimeona saiti moja marobota ya jiogridi yamelala juani miezi bila hata ya turubai. Hiyo ni mali imeshaanza kufa kabla haijaingia kazini. Storkipa mmoja na turubai, kwani gharama gani?

Na urefu wa mkanda kwenda ndani, kwa kawaida hauwi chini ya asilimia 70 ya kimo cha ukuta. Ukuta wa mita 8, mkanda mita 5.6 kwenda juu, na wale wa wimbi zito wanaongeza. Fundi akikosea akakata mita 4 nani ataona? Ndo narudi pale pale, kilicho nyuma ya zege.

Kuhusu zege niseme machache kwa kuwa ndo langu na nikianza sitomaliza. Yadi niliyofanya kazi Oman foremani alikuwa Mhindi wa Kerala, mzee mkimya, kila asubuhi kabla ya zege kumwagwa anapita kwenye moldi na kijiti alichokikata kwa kipimo, anakiingiza baina ya nondo na ubavu wa moldi. Kijiti kikigoma, nondo iko karibu mno na uso, moldi nzima inasimama, gari la zege linasubiri linanguruma na yeye hajali. Kwa zege la baharini lile tabaka la kufunika nondo linatakiwa liwe nene, sentimita 7 hivi, na maji ya kuchanganyia yawe kidogo, zege liwe gumu hata kama linasumbua kumwaga. Likitoka kwenye moldi linafunikwa magunia maji siku 7 kwenda juu. Na mchanga wake uwe hauna chumvi kabisa. Hapa kwetu mtu anachota mchanga pwani anasema mvua imeshauosha. Chumvi ile itakwenda kwenye nondo, nondo itavimba kutu, kibao kitapasuka kwa ndani, na ndo hapo sasa hata huo uso nao unaondoka. Faida ya prikasti ni kuwa yote haya yanafanyika nchi kavu, kivulini, kibao kibaya unakikataa kabla hakijaingia baharini. Ukimwaga zege majini wakati wa kusi hukatai kitu, unapokea ulichopewa.

Na yadi hiyo iwekwe hapa hapa. Msije mkaleta vibao vimeshamwagwa nje kwa meli. Kazi ya moldi kijana wa skuli anajifunza kwa wiki chache, ikabaki kwake maisha, na kesho kibao kikivunjika tunaye wa kukitengeneza.

Sasa mguu wa ukuta. Ukuta wa wima wimbi haliuvunji, linagonga na kurudi, na pale mbele ya ukuta wimbi linalokwenda na linalorudi yanapandana, kimo kinaweza kufika mara mbili. Maji yanachimba chini ya mguu. Kuta nyingi za wima duniani zilianguka kuanzia chini, si juu. Kwahiyo au mguu ukae kwenye mwamba uliosafishwa, au uwekewe zulia la mawe mazito mbele, hakuna la tatu. Na hapo mawe machache ya Bara yatahitajika, hayo lipeni.

Ila kuna jengine ambalo mainjinia wa ofisini hawaliwazi, ni ngalawa. Wimbi linalorudi kutoka ukutani linakutana na ngalawa inayoingia bandarini na tanga lake, na ndubi zake mbili za pembeni. Boti kubwa haijali. Mzee na ngalawa yake atapinduliwa mlangoni, mbele ya diko lake jipya. Kwahiyo upande wa nje usiwe ubao mtupu wa wima. Aidha pawe na mteremko wa mawe au mapande ya zege mbele yake, au vibao vya nje viwe na matundu na chumba nyuma yake, wimbi liingie lijimalize humo. Hilo nalo si la kubuni, injinia Jarlan alilifanyia kazi na likajengwa Baie-Comeau kule Kanada miaka ya 1960, na limeigwa kwingi tangu hapo. Upande wa ndani ndo uwe wima, boti zifunge ubavuni, samaki washushwe moja kwa moja.

Mlango uelekee wapi, tafadhalini msiamue kwa ramani ya satelaiti. Kaeni na manahodha. Mwaka wetu una pepo mbili na mchanga unahama nazo, kusi inaupeleka huku kaskazi inaurudisha kule, kuna fukwe unazikuta na mchanga mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti ni mawe matupu. Ukuta ukikata ile njia, upande mmoja mchanga utajaa mpaka boti zikwame ndani ya bandari, upande mwengine ufukwe utaliwa, na mara nyingi huyo anayeliwa ni kijiji kingine ambacho hata kwenye mkutano hakikuitwa. Na kina mama wa mwani waulizwe. Kamba zao ziko kwenye maji ya kina cha goti na zinategemea maji yanavyopita, ukibadilisha mkondo umebadilisha shamba la mtu, na hana hati ya kulipwa.

Ratiba. Hili naliomba kwa sauti ya juu kabisa. Ukuta wa udongo ulioimarishwa ukiwa nusu ni dhaifu kuliko kitu chochote, ncha iko wazi, mchanga unatazama bahari. Tabaka likitandikwa maji yakiwa yamekupwa inabidi lishindiliwe na lifungwe kabla hayajarudi, na karibu na vibao rola kubwa haliruhusiwi kupita, pale kama mita moja na nusu ya mwisho ni kompakta ndogo ya mkono tu, kazi ya taratibu. Ukimlipa mtu kwa mita za mbele atapitisha rola mpaka kwenye kibao, kibao kitasogea, au ataacha bila kushindilia. Kwahiyo kazi za baharini zianze kusi ikishalegea, na msimu ujao wa kusi ukikaribia ncha ifungwe kwa mawe hata kama mradi haujafika mwisho. Siku ya uzinduzi isiamue. Waingereza na Wamarekani mwaka 1944, kwenye Vita Kuu ya Pili, walivuta masanduku ya zege mpaka pwani ya Normandi kule Ufaransa, makubwa yake karibu tani 6,000 moja, wakatengeneza bandari mbili kwa siku chache, na tarehe 19 Juni ikaja dhoruba ya siku tatu, ile ya upande wa Wamarekani ikavunjika isitengenezeke tena, ya Waingereza pale Arromanches ikapona na ikaendelea kutumika kwa miezi. Majeshi yote yale na bado bahari haikuwangojea.

Namalizia na ninachokitaka kwa vitendo, mnisamehe kama nimechanganya. Pale dikoni paweke ubao, si ule ubao wa picha na jina la mfadhili, ubao wa kawaida wa chokaa au karatasi chini ya plastiki, kila tabaka lililowekwa liandikwe: tarehe, kijazio kimetoka wapi, kimepimwa na nani, mshindilio umetoka ngapi, mikanda ya urefu gani, na sahihi mbili, ya msimamizi na ya mmoja wa kamati ya diko. Kijana wa kamati afundishwe kusoma hicho kipimo, si kazi ngumu. Na kila tabaka lipigwe picha kabla halijafunikwa, picha zikae kwa sheha, asiyeamini akaangalie.

Vibao vya akiba vimwagwe pamoja na vya kazi, kwa moldi zile zile, viachwe vimelala pale pale dikoni, maana kontrakta akiondoka anaondoka na moldi zake.

Na baada ya makabidhiano, ukuta ukaguliwe kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kila bamvua kubwa ya mwezi wa Machi na ya Septemba, mtu ashuke chini atembee kiungo kwa kiungo aangalie kama kuna kijilima cha mchanga. Hahitaji mashine. Anahitaji viatu vya mpira, tochi, na namba ya simu ya ofisi ambayo inapokelewa. Hiyo namba ya simu ndo naiomba iandikwe kwenye mkataba, na jina la cheo cha atakayeipokea, na fungu la kutengenezea lenye mstari wake kwenye bajeti ya kila mwaka, si la kuombwa upya kila ukuta ukitoboka.

Wenu katika ujenzi,
Fundi wa zege, Unguja